Kaburi la Kofia

Salanje, mume wangu, alizaliwa katika nyumba ya Keya, jeshi la Waingereza. Mjomba wake alivaa tarabushi nyekundu akaenda kuwapiga Waashanti, kwenye nchi ambayo hakuweza kuieleza ila kusema mvua yake inanuka. Akaenda tena Somalia, akarudi na vidole tisa na sifa iliyomfanya kuwa mwenye kijiji. Baba yake alipigana na Wajerumani miaka minne, akarudi na kikohozi kilichomzika. Kwao, mwanamume ambaye hakuwahi kulambwa kiboko kwenye kwata ya kambini Zomba alihesabiwa mwanamke. Kwa hiyo Salanje alikwenda mwenyewe, siku tatu kwa miguu, akiimba.

Sisi Wayao mume ndiye huhamia kwa mke. Lakini Salanje alikuwa mrithi wa mjomba wake, hivyo nikahama mimi, chini ya mlima Namizimu, kuishi chini ya macho ya dada yake, Nambewe. Siku ya kwanza aliniambia, "Wifi, kinu kile ni cha mama yangu. Ukikipasua, na wewe utapasuka."

Mume wangu alikuwa mzuri wa sura, mpenda nyimbo, na alikuwa na tabia ya kutafuna mkanda wa kofia akiwaza. Akilewa alikuwa mtu mwema. Alinipiga akiwa hajanywa.

Salanje na wenzake walipopelekwa Bama kupigana na Wajapani, nilibaki nikimtwangia Nambewe mapira, mtama wa kwetu. Mwaka wa pili akaja Koplo Makwinja, rafiki yake, mguu mmoja umefungwa bendeji. Hakuketi. Alitoa kofia mkobani, ile pana iliyokunjwa upande mmoja, akaiweka mikononi mwangu.

"Pole, Abiti Chingwalu," alisema, akiniita kwa jina la baba yangu. "Mwili ulichukuliwa na mto."

Sijui kusoma, wala hapakuwa na barua. Lakini mkanda niliujua. Ulikuwa umetafunwa mpaka nyuzi zimetoka, na alama za meno zilikuwa za Salanje.

Nikapiga ukelele. Kijiji kizima kikaja.

Makwinja akaanza kugugumiza, "Sasa, shemeji, hii habari ni yako wewe, si lazima watu wote..." Nambewe akamsukuma pembeni. "Toka hapa! Ndugu yangu afe kimyakimya kama kuku?"

Kofia ilivishwa sanda, ikaswaliwa, ikazikwa. Siku ya arobaini nikanyolewa. Na siku hiyohiyo, kwa kuwa jina la mtu haliachwi lioze pamoja naye, likapewa mpwa wake Mtila, mtoto wa Nambewe. Tangu hapo hakuna aliyemwita Mtila tena. Alikuwa Salanje. Dada wa Salanje walikuwa wa kwake kuwalinda, mjomba wa Salanje alikuwa wake wa kumrithi, na mke wa Salanje alikuwa wake wa kumlala. Eda yangu ilipokwisha nilihamishiwa kwake.

Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka tisa, chongo, na mkewe mkubwa alikuwa na ulimi kama wembe. "Karibu, urithi," alikuwa akiniita. "Urithi, leta maji." "Urithi, mwanangu amekunya." Nilipata mimba mara mbili katika nyumba ile. Ya kwanza ilitoka kwa kubeba kuni. Ya pili ilitoka kwa teke. Baada ya hapo sikushika mimba tena. Nilivumilia, kwa sababu niliamini nilikuwa nimefiwa, na mfiwa hamlaumu mtu.

Mwaka wa tano mjomba mzee akafa. Watu wakakusanyika ili kumkalisha Salanje mpya kwenye kigoda. Ubani ulikuwa umeshawashwa. Ndipo mtu akaingia uani, amevaa buti, medali nne kifuani, anatafuna kijiti.

Nambewe aliangusha sahani ya wali. Mimi nilimjua kwa kutafuna kule: Salanje wangu.

"Assalamu alaikum," alisema. "Mbona mnanitazama kama mzuka?"

Akaniona, akanivuta nyuma ya ghala, akanieleza upesi, kama mtu anayepanga mambo madogo.

"Laini za Zomba, nyumba zile za askari, huruhusiwa mke mmoja. Nilikuwa nimeshamwandikisha mwingine, Mlomwe. Nikamwambia Makwinja akuletee kofia wewe tu, ili uwe huru uolewe. Sasa yule amenikimbia na utumishi wangu umekwisha. Nimerudi kwenye kigoda changu."

"Mimi tu?" niliuliza. "Ulikufa kwangu tu?"

"Eh, si mambo ya kufuta na kuandika? Zomba mtu akifutwa leo, kesho anaandikwa tena."

Miaka kumi na minane ya Keya ilikuwa imemsahaulisha kwao. Alidhani mwanamume anaweza kumfia mkewe peke yake, na dada zake wakabaki naye.

"Nitakutoa kwa huyo chongo," alisema. "Nitakurudisha kwenye nyumba yangu, wewe mke mkubwa. Sema tu kuwa ni mimi. Sema neno moja."

Tulirudi uani. Mwalimu wa msikiti, aliyeiswalia ile kofia, alikuwa amekwisha kumwuliza Nambewe, na Nambewe alikuwa akilia huku akitazama chini. Ndugu yake alikuwa amesimama mbele yake. Mwanawe alikuwa kwenye kigoda.

"Sijui," alisema. "Macho yangu yameharibika. Muulizeni mjane."

Mwalimu akanigeukia. "Abiti Chingwalu, wewe ndiye uliyenyolewa. Mtu huyu ni nani?"

Salanje alinitabasamia. Kijiti kilikuwa mdomoni. Nilitazama meno yale, nikakumbuka ule mkanda, nikakumbuka damu ya mara mbili kwenye majivu ya jiko la mwanamke mwingine.

"Mume wangu Salanje ni yule pale," nilisema, nikimwonyesha yule chongo. "Huyu simjui."

"Abiti!"

"Huenda alikuwa naye Bama," nilisema. "Huko watu huibiana mpaka sura."

"Tazameni kovu langu! Nambewe, wewe uliniunguza na chungu!"

"Maiti ndiye aliyekuwa na kovu," alisema mke mkubwa wa yule chongo, akacheka, na vijana wakacheka naye. Mmoja akamtupia gunzi. Jingine likafuata. Alisimama wima kama yuko kwenye gwaride mpaka jiwe lilipompata mdomoni. Ndipo akageuka.

Usiku ule yule chongo, mwenye kijiji sasa, alinipiga kwa kuwa nilikwenda nyuma ya ghala na mwanamume nisiyemjua.

Salanje alikaa kwenye kivuko cha mto Shire, akiwaonyesha wasafiri medali ili wamnunulie pombe. Mwaka uliofuata ulikuwa ule wa njaa. Watu wa kivuko walituma mjumbe: mzee mmoja mwanajeshi amekufa, amewataja nyinyi, njooni mumzike. Nambewe alikwisha kujifunga kanga kichwani.

"Wifi, unakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Ni ndugu yangu!"

"Ndugu yako tulimlilia siku arobaini. Au yule kwenye kigoda ni nani? Nenda useme."

Alikaa chini. Mjumbe akarudi peke yake. Nasikia alizikwa na watu wa mtumbwi, bila sanda.

Kaburi la kofia nalipalilia kila Ramadhani. Halina jani hata moja.