Ukuta wa Upande wa Mlima

Kazi yangu ni kukadiria jinsi maporomoko ya theluji yanavyosukuma kuta. Naifanyia Toronto, ambako mlima mrefu kuliko yote ni rundo la theluji linalokusanywa na tingatinga nyuma ya maegesho. Poromoko lenyewe nimeliona kwenye kompyuta tu, likishuka kwa rangi, jekundu pale linapokaza mwendo. Nilikozaliwa, Singida, barafu ilitoka kwenye friji ya jirani. Wateja hawaniulizi, nami siwaambii.

Ofisini tuna desturi. Kabla hesabu ya jengo haijatoka, mkuu wetu, mama asiyecheka, humuuliza aliyeipiga: "Ungelala humo?" Ukisita, unarudi mezani. Miaka yote nimejibu "Ningelala," kwa sauti ya mtu anayejua atalala nyumbani kwake Rexdale, humu humu Toronto. Nyumbani wananitania kwa swali hilo hata ninapopigilia rafu ya vyombo.

Majira haya ya baridi binti yetu alituambia tukiwa mezani kwamba anakwenda na wenzake wa chuo kuteleza kwenye theluji, milima ya magharibi. Akataja nyumba ya wageni. Kijiko changu kikabaki kwenye mchuzi. Ukuta wa nyuma wa nyumba ile, unaotazama mlima, niliupigia hesabu mimi.

"Basi tutakuwa salama," akasema kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote.

"Baba watoto, mbona huli?" mke wangu akauliza.

"Pilipili imezidi."

"Leo sikutia pilipili."

Alipokwisha kufika huko, habari zikasema joto limepanda na mvua inanyesha juu ya theluji. Hapo nikaogopa sawasawa. Theluji kavu hushuka kwa kasi, na msukumo wake hufuata kasi: mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Hilo tunalijua. Iliyolowa huja polepole kama zege, na mara nyingine husukuma kuliko kanuni hiyo inavyosema. Kwa hiyo tunaongeza kidogo juu. Hicho kidogo huamuliwa na watu waliokaa kwenye viti vya ofisini, wakinywa chai.

Jumamosi asubuhi nikauangushia ukuta ule, kwenye kompyuta, theluji nzito kuliko zote ninazoweza kuzitetea mbele ya mkuu wangu. Ukasimama. Nikaongeza nisiyoweza kuitetea. Kona moja ikapasuka.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu na kikombe chake.

"Ndiyo nyumba aliyomo?"

"Hii haiwezi kutokea."

"Sikukuuliza hivyo."

Simu ikalia: picha kutoka kwa binti. Kitanda kimeegemezwa kwenye zege tupu, lisilo na dirisha. Chini ameandika, "Ukuta wako, Baba."

Nikampigia.

"Theluji ya huko ikoje, mama?"

"Nzito. Kama uji."

"Hamieni chumba cha mbele, upande wa barabara. Wewe na wenzako."

"Kwani hesabu zako zina kasoro?"

"Hazina."

"Ungelala humu?" Safari hii aliuliza kwa Kiswahili.

Mke wangu aliacha kunywa.

"Ningelala," nikasema. "Nyinyi hameni."

Nikasikia zipu ya begi, kisha akiwaita wenzake. Sikukata simu mpaka niliposikia mlango mwingine ukifunguliwa.