Vumi Halikai Stoo

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa muda si mrefu baada ya Mapinduzi. Kikundi cha ngoma cha serikali kilipewa ukumbi wa ghorofani, Mji Mkongwe, nami nikapanda ngazi na vumi langu begani. Vumi ndiyo ngoma kubwa, ile nzito. Chapuo ni ndogo, yenye sauti kali. Chapuo huingia sikioni. Vumi huingia kupitia nyayo, likapanda tumboni, mwili ukajua wenyewe pa kukanyaga. Nyinyi vijana mnaita besi, mkadhani imekuja na spika zenu. Haya, dhanini.

Ngoma hupashwa moto ngozi ikaze, lakini vumi hulipashi sana, ukizidisha limeharibika. Siku ile nilipopiga mara ya kwanza, dari ya chini ikamwaga chokaa. Mara akapanda Bi Fatma, mpangaji wa chini, kashika sufuria.

"Nani anayenitilia chokaa kwenye mchuzi?"

"Ni mimi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu sogea ukutani, hapo katikati boriti zinacheza."

Nikasogea, chokaa ikakoma. Tangu hapo kila ukumbi niliopelekwa nilitafuta kwanza pa kukaa, maana nyumba nayo hutikisika.

Tatizo halikuwa Bi Fatma. Tatizo alikuwa Mkuu wa Kikundi, bwana wa suruali ya pasi, aliyependa ngoma iliyorekodiwa kuliko ngoma yenyewe. Tulirekodi kwa ajili ya redio, na kile kiredio chake cha mkononi kikatoa chapuo na zumari tu. Akaniita.

"Haji."

"Naam, Mkuu."

"Vumi lako halisikiki. Kuanzia leo lipeleke stoo, wewe utashika chapuo."

"Halisikiki redioni, Mkuu. Waulize wachezaji."

"Nnakwambia mimi. Ukibisha, kazi huna."

Nilikuwa na mke na watoto, na kazi niliitaka. Lakini kulitia vumi stoo, ngoma ibaki kelele tupu, hilo roho yangu ilikataa katakata.

Tulipokwenda Mkokotoni kwenye sherehe, nililipakia kwenye lori mbele ya macho yake. Akanuna, akaniamuru nisiliguse. Wapigaji wenzangu wakaanza kwa chapuo. Watu wakasimama wakitazama kama wanaosubiri zamu ya hospitali. Wachezaji nao kila mmoja na mguu wake, huyu anainua, yule anashusha. Nikaona haya kwa niaba yao. Nikalilaza vumi mchangani, nikalikalia, nikapiga. Sikumtazama mtu. Miguu ikakutana. Kina mama waliokaa chini wakaanza kutikisa mabega, kisha wakainuka wakaingia duarani. Vumi lilinitetemesha mpaka kwenye meno, na nilifurahi, wallahi, nilifurahi.

Mkuu hakungoja turudi mjini.

"Umefurahi? Kesho utakwenda shamba la serikali, Kizimbani, kupalilia mikarafuu."

"Ntakwenda, Mkuu. Lakini stoo halendi."

Nikaenda. Nilipalilia mikarafuu mvua na jua, mikono ikaota sugu za jembe, na jioni nikiwapigia wafanyakazi wenzangu vumi. Mke wangu alilalamika, na haki alikuwa nayo. Kule mjini wachezaji wakachoka kukanyagana. Wakamwendea Mkuu wote pamoja: bila vumi hawachezi. Nikarudishwa. Hakuniomba radhi, nami sikumshukuru.

Nimestaafu sasa, na magoti yananiuma kwa miaka ya kukalia ngoma. Kama ningeambiwa nianze tena, ningebisha vile vile, tena mapema zaidi. Siku ya kutuaga sisi wastaafu, ukumbi umejaa, kijana mshereheshaji akasoma jina langu kama Mkuu alivyoliandika daftarini zamani: "Mzee Haji, mpiga chapuo."

Nikabaki kitini. Akarudia, nikabaki kitini. Mke wangu akanikanyaga mguu. Wachezaji wa zamani wakaanza kucheka, mmoja akaenda kumnong'oneza kijana.

"Mzee Haji, mpiga vumi."

"Naam," nikasema, nikainuka.