Pavlova ya Kwenye Friji la Bia

Coralie alifungua friji la bia pale barazani, akabaki ameshika mlango. Pavlova yake ilikuwa imechotwa.

Haikuwa pavlova ya kuliwa, ile keki nyeupe ya krimu na matunda. Ilikuwa picha: ubao, na juu yake rojo nzito nyeupe ya plasta ya kufinyangia, aliyoikamua kwa mfuko wa kupambia keki mpaka ikachongoka kama krimu. Ikishakauka angeipaka rangi za akriliki, pasheni ya manjano, stroberi nyekundu. Lakini joto la huku kwenye miwa, kaskazini mwa Queensland, hulegeza vilele vyote kabla havijashika. Ndiyo maana jana aliiweka kwenye baridi, katikati ya chupa. Na sasa mfereji wa kidole ulikuwa umepita katikati ya krimu.

Maonyesho ya kilimo yalikuwa Jumamosi. Alimfikiria mtu mmoja tu: Noelene, jirani wa ng'ambo ya uzio, ambaye utepe wa bluu wa mshindi wa picha humwendea kila mwaka. Friji la barazani halina kufuli. Jirani akiishiwa bia hupanda ngazi akajichukulia. Na jana jioni Noelene alipanda. Coralie alimwona akishuka huku anafuta vidole kwenye kaptula. Anafuta nini?

Tena juzi Noelene alimwuliza, kwa sauti laini mno, "Hiyo yako itakauka kweli?"

Mchana Noelene akaja, chupa mbili mkononi. "Shoga, narudisha bia zenu."

"Rudisha na krimu yangu."

"Krimu gani tena?"

Coralie akamwonyesha. Noelene akachungulia, akaguna. "Nani kafanya ushenzi huu?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi? Leo nimekuwa mwizi wa plasta?" Akatumbukiza kidole kwenye ule mfereji. Kikapwaya, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. "Haya, katafute mwenye kidole kinene."

Kutoka uani walisikia mtu anasukutua. Merv, mume wa Coralie, dereva wa trekta ya miwa, alikuwa bombani tangu asubuhi. Hata chai aliikataa, eti jino.

"Merv, njoo hapa. Fungua mdomo."

"Jino tu, mpenzi."

"Fungua!"

Magego yalikuwa yameganda weupe.

"Mzee umekula ukuta!" Noelene akacheka mpaka akashika nguzo.

"Taa ya friji imekufa," Merv akanung'unika. "Nikajua krimu. Kidogo tu."

Coralie hakucheka. Tangu miguu ya Merv ianze kufa ganzi, daktari alimkataza sukari, na keki zikaondoka nyumbani mwao. Ndipo yeye alipoanza kuzichora. Merv aliapa hajagusa kitu kitamu tangu siku ile. Lakini kidole kile hakikusita hata kidogo. Kilipita kama kinachojua njia.

"Na kule bandani, unakofunga kwa ufunguo siku hizi, kuna nini?"

"Bandani? Kuna nini?"

"Ndiyo nakuuliza."

Merv akatazama miguu yake. Kisha akachomoa ufunguo kiunoni, akauweka juu ya friji. "Maziwa ya kopo. Yale mazito ya sukari. Nyuma ya betri."

Noelene akaacha kucheka. "Shoga, ngoja mimi niende."

"Usiende. Nimekukosea, nisamehe. Njoo tukayatoe wote."

Ule mfereji Coralie hakuusawazisha. Jumamosi pavlova ilikwenda kwenye maonyesho nao, ukiwa umepakwa manjano ya pasheni, na Merv ndiye aliyeibeba.