Fundi Barafu na Maji ya Mkwewe

Fundi friji yule, ambaye mtaa mzima ulimwita Barafu, alikuwa na mdomo. Mtu mwema, kazi anaijua, lakini mdomo huo, jamani! Ukimpelekea friji iliyokushinda, ataifufua, kisha atakusimulia alivyoifufua hata kama umemwacha mgonjwa nyumbani.

Mama mkwe wake alihamia kwao baada ya kuanguka bafuni. Alikuwa akiishi peke yake, akalala sakafuni mpaka jirani alipomsikia. Mke wa Barafu akasema basi, mama haishi tena peke yake. Mama alikubali shingo upande, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na tangi lake la kioo la samaki wa baharini. Ndani mlikuwa na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, aliyeizidi umri ndoa ya Barafu, na kamba wawili wadogo wekundu waliokuwa wakiokota mabaki ya chakula kwenye mawe.

"Shikamoo mama, karibu, hapa ni kwako," Barafu alimpokea.

"Marahaba, mkwe. Ila nikwambie mapema, maji haya hayataki joto. Yakipita nyuzi ishirini na nane, mimi roho juu. Na nyinyi mnakaa ghorofa ya juu kabisa, bati kichwani. Wakianza kunifia, narudi kwangu."

Mke akamtazama mumewe. Alijua mama yake hatanii.

"Mama!" Barafu akajipiga kifua. "Baridi ndiyo kazi yangu. Hilo niachie mimi."

Haya, tumwachie. Adhuhuri ya kwanza kipimajoto cha tangi kilifika thelathini. Barafu akajifunga kibwebwe. Alichukua mashine mbovu ya kupoza maji ya kunywa, akaifufua kompresa yake, akalikunja bomba la shaba mizunguko mizunguko, kisha akapitisha humo maji ya tangi kwa pampu. Maji yakashuka hadi ishirini na sita. Mtaa haukupumua kwa majigambo yake. Na alivyokuwa akiitia chumvi hadithi ile, ungedhani amepoza bahari nzima.

Siku chache baadaye mama mkwe aliita kutoka sebuleni. "Mkwe, hebu njoo uone."

Kamba mmoja alikuwa chali, amekufa. Wa pili alikuwa akiyumba kama mlevi. Samaki alijibanza pembeni, chakula hagusi.

"Lakini joto liko sawa, mama!"

"Joto liko sawa. Maji yangu umeyapitisha kwenye nini?"

"Shaba, mama. Shaba safi kabisa!"

"Shaba!" Mama akashika kichwa. "Maji ya chumvi yanaila shaba, baba. Inageuka sumu humo humo. Si ungeniuliza?"

Hakuuliza. Barafu alinywea. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, na iliyomuuma zaidi ni kumwona mkewe amesimama mlangoni akifuta macho. Alichomoa mashine yake palepale, akaitupa barazani.

"Mama, niambie la kufanya. Mdomo nimefunga."

Mama akamwambia. Barafu alikoroga chumvi ya bahari ndooni, akatoa maji yenye sumu, akatia mapya. Alipotaka kumimina haraka, mama alimshika mkono: kwanza joto la ndoo lilingane na la tangi, maana mshtuko nao unaua. Kamba wa pili alikufa hata hivyo. Barafu hakuacha. Kila siku alitoka karakana, akapanda ngazi na ndoo, mgongo ukimuuma, akajikaza kisabuni.

"Na joto, mama?"

"Feni."

Feni! Mtu ambaye karakanani huwacheka wenye feni! Lakini alimeza mate, akaondoa kifuniko, akaweka wavu samaki asiruke, akaelekeza feni ipulize juu ya maji. Joto likashuka. Maji nayo yakapungua kwa mvuke, na Barafu akakimbilia chumvi.

"Acha! Chumvi haipandi na mvuke, imebaki mle mle. Ongeza maji baridi."

Barafu akatoka mbio, akarudi na chupa kutoka kwenye friji, imeganda nusu.

Mama alimtazama. Akaitazama chupa. Akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Maji baridi, mwanangu! Yasiyo na chumvi! Siyo ya friji!"

Likaja juma la jua kali, bati likialika juu ya vichwa vyao. Adhuhuri Barafu aliinama mbele ya kipimajoto: ishirini na saba. Mama akadondosha chakula, na samaki akatoka pembeni, akala.

"Mkwe," mama akasema, " kesho nenda kule kwangu ukaizime friji. Inapoza nyumba isiyo na mtu."

Mkewe aliacha alichokuwa akifanya. Barafu akajibu kifundi.

"Friji ikizimwa, mama, huachwa mlango wazi. Isije ikanuka."

"Basi uache wazi," mama alisema.