Asiyezibua Mfereji Hana Zamu ya Maji

Ipo siku moja naikumbuka kila nikimsikia mtu anaomba ushauri huku moyo wake umeshasalimu amri, na jana, mwanangu Neema, nimeikumbuka tena uliponipigia simu kutoka Levolosi, huko mjini. Ulisema, "Shangazi, bosi anataka jina lake litangulie kwenye makala yangu, na hakufanya chochote. Nikikataa mkataba wangu hautaendelea. Niliweke tu yaishe?" Nilikujibu kwamba nitakuandikia, maana kwenye simu ningesema maneno yasiyomfaa mama wa kwaya. Sasa hasira imepungua, lakini si yote. Kaa usome.

Nilikuwa na umri kama wako, msaidizi wa mhadhiri katika chuo kimoja hapa Arusha. Haya meno yetu ya kahawia unayajua. Tukicheka ugenini watu wanajua tumetoka wapi, na wengine hudhani hatupigi mswaki. Kumbe ni maji. Baadhi ya chemchemi za Meru zina floraidi kupita kiasi, na kwa watoto wengine haiishii kwenye meno, inaingia mpaka mifupani, miguu ikapinda. Nilitaka kujua chemchemi ipi ina nafuu, ili mama mwenye mtoto mchanga ajue akachote wapi.

Nilifanya kazi hiyo na Anaeli, fundi wa maabara, kijana wa Kikatiti. Tulipanda mlima masika na kiangazi, yeye kabeba chupa za maji mgongoni, mimi naandika. Siku moja aliteleza kwenye mawe ya mto akachanika goti, lakini chupa alizinyanyua juu, hata moja haikuvunjika. Maabarani yeye ndiye aliyepima, akarudia kupima. Nilipoandika makala ya kupeleka kwenye jarida niliweka majina mawili, langu na lake. Sikufikiri mara mbili.

Mkuu wa idara aliniita. Mtu mzima, suti haina mkunjo, na kwenye chemchemi zile hakuwahi kukanyaga. Alisema kwa upole kabisa, "Binti, hapa kuna utaratibu. Jina langu litangulie. La huyu fundi liondoe, jarida la wasomi si mahali pa mafundi. Na mkataba wako unakaribia kwisha, unajua anayeusaini ni nani." Nikasema ahsante, maana nililelewa kusema ahsante kwa wakubwa. Mpaka leo neno lile linaniuma.

Nilipomweleza Anaeli, hakukasirika. Alikuwa anasuuza chupa. "Dada, nifute tu," akasema. "Mimi kazi yangu hii inanitosha. Wewe una safari ndefu." Nililia, mwanangu. Sikulia kwa ajili ya mkuu, nililia kwa sababu huyu alikuwa amejifuta mwenyewe kabla hajafutwa.

Jumamosi nikapanda nyumbani, nikawakuta watu kwenye kuzibua mfereji. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikukumbushe. Ule mfereji unaotoka mtoni kuja kwenye migomba na kahawa yetu hujaa tope na majani, na kila kaya hutoa mtu mwenye jembe kuuzibua. Asiyekuja wala kutuma mtu, siku ya zamu hapati maji. Mwenyekiti wa mfereji wetu alikuwa mjomba wangu Elisa, na kwa ukali wake watu walisema hata mvua inamwomba ruhusa. Mwaka uliotangulia, diwani hakutokea. Siku ya zamu akaja na vijana wake kufungua maji, akamkuta mjomba kaketi kwenye banio, pale maji yanapogawanywa, panga mapajani. "Mheshimiwa," mjomba akamwambia, "jembe lako lilikuwa wapi?" Kahawa ya diwani ikanyauka, na mjomba hakusogea.

Basi siku ile mama alikuwa ameshamweleza kilichonipata. Mjomba akaniita tukae kwenye nyasi, miguu yake tope tupu, akanikemea mbele ya watu. "Mama, mkono usioweza kuukata, ubusu. Mwenye nguvu mpishe. Jina ni wino tu. Mwandike huyo mzee, na wewe upate mkate wako."

Moyoni nikasema nyani haoni kundule. Mdomoni nikawa na adabu. "Mjomba, yule diwani ulimnyima maji kwa nini?"

"Hakushika jembe."

"Alikuwa na nguvu kuliko wewe?"

"Sana tu."

"Mbona hukuubusu mkono wake?"

Waliokuwa karibu wakaacha kuchimba. Mjomba akaokota kijiti, akaanza kukwangua tope kwenye jembe lake, akakwangua mpaka chuma kikang'aa. Nilijua nimevuka mpaka, nikangoja kofi la maneno. Akasema, "Basi usimpe. Lakini nakuonya, diwani ananichukia mpaka leo. Na wewe migomba yako inaweza kukauka. Ukishafunga banio, usiondoke pale."

Jumatatu nikaenda kwa mkuu. Nikamuuliza, "Mzee, msomaji akitaka kujua maji haya yalichotwa vipi na yalipimwa vipi, utamjibu nini?" Akanijibu bila wasiwasi, "Nitakuita wewe." Nikamwambia, "Basi jina liwe la anayeitwa." Nikatoka, na makala ikaenda na majina mawili.

Mkuu alimwandikia mhariri wa jarida kulalamika. Mhariri akafanya jambo dogo sana, akataka kila anayedai jina aeleze alichofanya. Mimi nilieleza, Anaeli akaeleza. Mkuu akaandika kwamba yeye alitoa ruhusa. Mhariri akajibu kwamba mtoa ruhusa hushukuriwa mwishoni mwa makala. Ndipo jina lake lilipokaa, mwishoni, kwenye shukrani.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalininyookea. Mkataba haukusainiwa. Nafasi ya kwenda kusoma zaidi akapewa mwingine, na mimi nikafundisha kemia sekondari mpaka nikastaafu. Migomba aliyoisema mjomba ilikauka kweli. Niliwaona wenzangu wakiitwa profesa, nikawaonea wivu, na sioni haya kukiri. Lakini sikutamani hata siku moja kuwa yule mzee, na wangenirudisha ofisini kwake kesho ningemjibu vilevile, safari hii bila kuanza na ahsante.

Anaeli tulimzika mwaka jana pale Kikatiti. Ulipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, binti yake alisimama. Akasoma alikozaliwa, alikobatizwa, ndoa yake, watoto wake. Kisha akasoma kichwa cha makala yetu, chote, na yale maneno magumu ya kemia, akasoma na majina mawili. Watu wa kijiji ambao hawajawahi kuona jarida wakaitikia kwa sauti ya chini. Anaeli mwenyewe alishasema afutwe. Kama ningemsikiliza, binti yule angefika mstari ule akute patupu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, Neema. Usimweke. Wala kesho usikubali wewe kuwekwa na rafiki kwenye kazi usiyoigusa, ili na wewe umweke kwenye yako. Huo ni wizi hata ukifanywa kwa tabasamu. Jina juu ya makala maana yake niiteni, nitajibu. Asiyeweza kuitwa asiandikwe, awe mkuu wa idara au awe mkuu wa dunia. Akikutisha, mwambie atoe tishio lake kwa maandishi, uone kama kalamu yake itakubali. Na ukishafunga banio, usiondoke.

Lakini na mimi nina swali, na usinikasirikie. Jana umeniambia habari za bosi tu. Mwaka jana ulinitumia picha mkiwa mashambani Nduruma, wewe na msichana anayeitwa Rehema, tope mpaka magotini. Ulisema ndiye aliyewahoji wakulima wa kike wasiotaka kuzungumza na mgeni, na ndiye aliyegundua maswali yenu yalikuwa na kasoro mkayaandika upya. Kwenye makala uliyonitumia jina lake sijaliona. Jembe lake umelisahau, au na yeye alikuambia umfute?

Kalirudishe jina lake kwanza, ndipo ukasimame mbele ya bosi wako. Ningekuwa karibu ningekutemea mate kiganjani kama wazee wetu walivyobariki. Kwa mbali pokea maneno. Mungu akupe goti lisilokunjika mbele ya cheo. Mkataba wakikunyima, njoo, migomba ya shangazi yako ipo na chakula hakitakosekana. Na siku wasifu wako utakaposomwa, wasisome jina la mtu uliyembeba, wala wasiruke jina la mtu aliyekubeba.