Tuliandika jina la aliyecheza mtia sumu, wakwe wakalisoma

Wakuu, salamu kutoka Gisenyi. Hii ni ya juzi tu na bado haijanitoka mwilini, kwa hiyo naileta kama ilivyokuwa, bila chumvi.

Mimi nimekulia Karagwe, nikarudi Rwanda na wazazi. Nikishirikiana na jamaa mmoja wa Mwanza, naendesha wiki, yaani tovuti inayohaririwa na wengi, ya mchezo fulani wa redio wa Kiswahili, uliorekodiwa studio ndogo hapa mjini. Sheria yetu ni moja: kila sauti iandikwe. Hata aliyekohoa kwenye kikao cha kijiji ana page yake. Chekeni, lakini ndivyo tulivyo.

Kasoro ilikuwa moja, sauti ya mke anayemuua mumewe kwa uji wenye sumu. Majina ya waigizaji yanasomwa mwishoni, yeye hatajwi. Tulimtafuta sana.

Nikampata huko Rubona, kando ya ziwa, nikinunua sambaza, wale dagaa wa huku. Mama muuzaji akasema, "Bon, nikuongezee kidogo, papa?" Mwili ukanisisimka. Sauti ileile ya mke wa uji, ni yeye!

Nitamwita Mama D. tu. Akacheka, akakubali kuwa ni yeye, tena akaniambia ile scene ya uji hakupewa maandishi, alijitungia palepale.

Nikaandika vyote. Jina, kazi, Rubona, na kwamba namna ya kuchanganya sumu aliitoa kichwani mwake. Nikajiona mtafiti kweli kweli.

Hazikupita siku saba akanipigia, kwa Kiswahili chake cha mpakani.

"We mutoto, umeniandika nini mu internet? Bakwe banakuja samedi kumuposa binti yangu. Shangazi ya kijana ameisoma. Anauliza nilijifunzia wapi mambo ya sumu."

Wakuu, kama hamjaishi huku mtaona kichekesho. Huku sumu si jambo la mzaha. Mtu akishasemwa hivyo, hata salamu anapewa kwa mbali. Na binti yake nani atamuoa?

Nikafuta. Jamaa wa Mwanza akarudisha. Nikafuta tena, akarudisha tena, na ujumbe juu: "Wiki nusu nusu ni umbea. Leo yeye, kesho nani?" Kusema kweli hoja yake ilinikaba, maana sheria ile niliipitisha na mimi. Jumamosi ikafika jina lipo hewani.

Nilikwenda, maana Mama D. alisema nisipofika hatanisamehe. Nikakaa nyuma, suti inabana. Wasemaji wa pande mbili wakataniana weee, ng'ombe wakatajwa, watu wakacheka. Kisha ikaletwa ikigage, pombe ya mtama.

Kwa desturi mwenyeji anaonja kwanza mbele ya wageni. Mama D. akaonja. Vijana wakanywa. Shangazi, mama mmoja wa Busasamana mwenye kitambaa cha bluu kichwani, hakugusa glasi yake.

Watu wakaanza kutazama chini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama D. akainuka, akaichukua ile glasi ya shangazi mwenyewe, akanywa nusu, akairudisha mezani. Hakuondoka.

"Ulijifunzia wapi?" shangazi akauliza, mbele ya wote.

"Ile ni uji yangu ya kila siku, mama. Nilisema tu vile ninaipikaka. Sumu ni batu ba studio ndjo baliongeza."

Halafu shangazi akapumua. "Mi nilikuchukia, weee! Nilikuwa nazimaka hata radio." Akaimaliza ile glasi. Vigelegele! Machozi yalinitoka na sioni aibu.

Jamaa wa Mwanza kusikia hivyo akashangilia: "Si unaona? Ukweli haujamdhuru mtu. Jina libaki." Nikamwambia ngoja kwanza, nimuulize mwenyewe.

"Toa," Mama D. akasema. "Shangazi alikunywa sababu mi nilikuwa pale. Mu internet yenu, mutu akiogopa, nitafika namna gani nionje mbele yake?"

Nikamuahidi nitalitoa, wakuu.

Nilichojifunza ni hiki tu: mtu akiwa hai, muulize kwanza unaandika kipi na unaacha kipi, hata kama wiki itabaki na pengo. Nyie mngekuwa admin mngefanyaje? Nipondeni, nishaurini, nipo hapa nasoma.

Jina nimelitoa tena leo asubuhi. Jamaa wa Mwanza bado hajalirudisha, na kila nikishika simu nafungua ile page kwanza, kuangalia kama limerudi.