Redio Iliyojua Kisukuma

Juzi, katika duka moja Bariadi, nilimwona mtoto akichagua redio ndogo ya memori kadi, nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu, dukani na baba. Shati la baba lilinuka vumbi la pamba. Alinishikisha redio nyeusi. Mimi nilikumbatia nyekundu, iliyokuwa ikiimba Kisukuma.

“Mwanangu, hii nyeusi ina betri nzuri.”

“Haijui Kisukuma. Siitaki!”

Duka zima lilicheka. Sikuiachia ile nyekundu, baba akainunua.

Nyumbani redio ilikuwa kimya. Muuzaji alikuwa amechomoa kadi yake. Leo najua nyimbo zilikaa kwenye kadi. Siku ile nilidhani redio inaona haya ugenini. Basi nikaibeba shambani, nikawa naiimbia huku nikichuma pamba. Wacheke wanaotaka: kabla ya jua kuzama, baba alikuwa akiitikia wimbo wangu.